Kuni za Mkata Miti na Amana ya Ujira

(Nasaha iliyotolewa na mwalimu wa madrasa mbele ya Waislamu wa Kitai, Mbinga, baada ya sala ya Alasiri)

  



Mada niliyopewa leo inahusu kuni, na watu tunaowaajiri kutukatia miti. Huenda mtu akajiuliza moyoni: je, jambo la jikoni nalo ni la kuzungumzwa msikitini? Jibu ni kwamba vitabu vya Fiqh vina mlango mzima unaoitwa Ijara, yaani kuajiri na kukodi, na Imam Bukhari ameutengea suala hilo kitabu ndani ya Sahihi yake. Dini iliyotufundisha namna ya kutawadha ndiyo hiyo hiyo iliyotufundisha namna ya kupatana na fundi. Mtu anaweza kusimama safu ya mbele kila siku, na bado akaenda mbele ya Mola wake akiwa na deni la jasho la mtu mwingine.

Hali yetu ilivyo

Kitai ni njia panda. Barabara ya Songea kwenda Mbinga inapita hapa, na hapa ndipo inapochepuka njia ya kwenda Amani Makoro na kuteremka hadi Lituhi, mwambao wa Ziwa Nyasa. Makaa ya mawe ya Ngaka yanachimbwa jirani na sisi na kubebwa kwenda mbali, lakini majiko yetu mengi yanawaka kuni. Ni kweli kwamba mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Hilo ni lengo jema, kwani moshi wa jikoni unaua: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo vya watu wapatao milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Lakini mpaka gesi itakapofika katika kila jiko la kijiji, kuni zitaendelea kutafutwa, na kinachotafutwa na watu hakikosi hukumu katika Sheria.

Zamani mama na binti zake waliingia katika miombo wakaokota matawi makavu, wakayafunga kwa kamba za magome na kurudi nayo kichwani. Hilo halijaisha. Lakini sehemu kubwa ya kuni nzuri sasa inatoka katika mashamba na viwanja vya watu: mikaratusi iliyopandwa mipakani, migrivilea inayotia kivuli kahawa na inayohitaji kupogolewa, miembe mizee iliyoanza kuoza ndani. Mwenye mti aghalabu hana msumeno, na mwenye msumeno hana mti. Hapo ndipo wawili hawa wanapohitajiana.

Chukulieni mfano. Mama mjane ana mkaratusi ulioinamia paa la nyumba yake. Anamwita kijana mwenye msumeno wa injini. Kijana anautazama mti, kisha anasema: "Mama, usiwe na wasiwasi. Nipe hela ya mafuta tu, mengine tutaelewana kwenye kuni." Mama anajibu: "Haya mwanangu, nakuamini." Mti unaangushwa salama. Jioni linakuja gari, linapakia magogo yote manene, na mama anaachiwa matawi na majani. Mama anasema ameibiwa mchana kweupe. Kijana anaapa kwamba kuni ndizo zilizokuwa ujira wake. Majirani wanagawanyika pande mbili, na kesho yake habari zimefika sokoni kwamba mafundi wote ni wezi.

Je, ni nani mkweli? Ndugu zangu, inawezekana kabisa kwamba wote wawili ni wakweli, kila mmoja kwa jinsi alivyoelewa. Mama alielewa kwamba kijana atapewa kuni kidogo za shukrani. Kijana alielewa kwamba mama anataka paa lake tu, kuni hana haja nazo. Hakuna aliyesema uongo. Kilichokosekana ni maneno. "Tutaelewana" si bei, na "nakuamini" si mkataba. Na hili ndilo ninalotaka tuondoke nalo leo: uaminifu haulindwi kwa kunyamaza, unalindwa kwa kubainisha.

Nguvu na amana

Katika Suratul Qasas, aya ya 26, tunasimuliwa habari ya binti wa yule mzee wa Madyan aliyemshauri baba yake amwajiri Nabii Musa (a.s.). Alitaja sifa mbili: mtu huyo ana nguvu, na mtu huyo ni mwaminifu. Wanazuoni wamezichukua sifa hizi kuwa mizani ya kila anayepewa kazi. Nguvu ni uwezo na ujuzi wa kazi yenyewe. Amana ni moyo unaomcha Mungu pale ambapo mwenye mali haoni.

Sisi tuna tabia ya kuchukua moja na kuacha nyingine. Wapo wanaomwajiri mtu kwa sababu ni mwema, anasali, au ni mtoto wa shemeji, hata kama hajawahi kupanda mti mrefu maishani mwake. Huko ni kumtia ndugu yako katika hatari na kuita hatari hiyo udugu. Wapo pia wanaotazama msumeno tu, wasimwulize mtu yeyote yule fundi aliishi vipi na watu aliowafanyia kazi jana.

Tazameni Mtume (s.a.w.) alivyofanya katika safari ya Hijra. Imam Bukhari amepokea kutoka kwa Bi Aisha (r.a.) kwamba Mtume na Abu Bakr (r.a.) walimwajiri mtu wa kabila la Banu Dil kuwa kiongozi wa njia, bingwa wa jangwa, naye wakati huo alikuwa bado katika dini ya Makuraishi. Wanahistoria wanamtaja kwa jina la Abdullah bin Uraiqit. Walimkabidhi ngamia wao wawili, wakaahidiana naye akutane nao katika pango la Thawr baada ya siku tatu. Makuraishi walikuwa wametangaza zawadi kwa atakayewaleta. Mtu yule akatimiza ahadi.

Katika kisa hiki kuna mafunzo mawili kwetu sisi wa Mbinga, tunaoishi na majirani Wakristo walio wengi. La kwanza, fundi huajiriwa kwa ujuzi wake na uaminifu wake uliothibiti, na hakuna ubaya kumwajiri asiye Mwislamu katika kazi ya halali. La pili, hata kwa mtu aliyeaminika kiasi hicho, Mtume (s.a.w.) hakuacha mambo hewani. Kazi ilijulikana, mahali palijulikana, na siku ilijulikana.

Basi fundi wa miti anatambulikanaje? Uliza kwa wale aliowafanyia kazi mwaka uliopita. Kisha mtazame anapofika. Fundi anayejua kazi hakimbilii kuwasha injini. Huuzunguka mti kwanza, hutazama unakoinamia, upepo unakotoka, matawi makavu yaliyokwama juu, na nyaya za umeme. Mti ulio jirani na nyumba huanza kupunguzwa matawi kutoka juu, yakifungwa kamba na kuteremshwa pole pole. Ukifika wakati wa kuangusha shina, hukata kwanza mdomo upande mti utakakoangukia, kisha hukata nyuma kidogo juu ya mdomo ule, akiacha kati sehemu isiyokatwa ambayo huwa kama bawaba ya mlango. Watoto na mbuzi huwa wameondolewa hadi umbali wa mara mbili ya urefu wa mti. Na fundi mwaminifu ana neno moja ambalo mlaghai halijui: "Huu siuwezi." Mti uliogusana na nyaya si wako wala si wake, mpaka shirika la umeme lipewe taarifa.

Je, kuni zinaweza kuwa ujira?

Hapa tunafika kwenye suala zito zaidi la mada yetu, na watu wengi hawalijui kwamba lina mjadala mkubwa katika Fiqh. Yale mapatano ya "nikukatie mti, na kuni ziwe malipo yangu" yanafanana na masuala ambayo wanazuoni waliyajadili kwa mfano wa msagaji: mtu anapeleka ngano isagwe, na msagaji analipwa sehemu ya unga ule ule unaotoka kwenye jiwe lake.

Imam Nawawi, katika Minhaj, amefuata msimamo wa madhehebu ya Shafi kwamba haisihi kumwajiri mtu achune mnyama kwa malipo ya ngozi yake, wala asage kwa malipo ya sehemu ya unga au ya pumba. Hanafi nao wamezuia. Sababu yao ni ya kuzingatiwa: wakati wa kupatana, ujira huo bado haupo katika sura inayotajwa, kiasi chake hakijulikani, na hauwezi kupatikana ila kwa kazi ya huyo huyo anayelipwa.

Ama wanazuoni wa Hanbali, wao wameruhusu ikiwa fungu limejulikana, kama vile nusu au robo. Hadith inayotajwa kukataza ujira wa msagaji, Ibn Qudama katika Mughni hakuiona kuwa imethibiti, na Ibn Taymiyya akaikataa. Wakatoa dalili kwa jambo lililothibiti katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) aliwaachia watu wa Khaybar mashamba wayahudumie kwa kupata nusu ya mazao. Mazao hayo nayo yalikuwa bado hayajatoka ardhini.

Sikuja hapa kuwagombanisha watu kwa tofauti za wanazuoni. Nataka mwone jambo ambalo pande zote mbili wamekubaliana: fungu lisilojulikana halifai. Hakuna mwanachuoni katika hawa aliyeruhusu mtu afanye kazi kwa malipo ya "tutaona zitakazopatikana". Kuna Hadith katika Musnad ya Imam Ahmad, kutoka kwa Abu Said al-Khudri (r.a.), inayohusu kumbainishia mwajiriwa ujira wake kabla ya kazi, wataalamu wamezungumza juu ya sanadi yake, lakini maana yake inakubalika.

Kwa hiyo njia zilizo salama ni hizi. Anayetaka kutoka kabisa katika khitilafu, na amlipe fundi shilingi zinazojulikana, na kuni zote zibaki kwake. Au amwuzie fundi mti huo kwa bei inayojulikana, hali ya kuwa wameuona wote wawili, na kazi yoyote nyingine wapatane peke yake. Na anayefuata kauli ya walioruhusu fungu, basi alitaje fungu hilo kwa namna isiyo na shaka: nusu ya magogo na nusu ya matawi, yapangwe mafungu mawili, mmoja apange na mwenzake atangulie kuchagua. Hapo hakuna atakayepanga kwa hila.

Kuni ngapi, na zimetoka wapi?

Ubainifu hauishii kwenye ujira. Nasi wanunuzi tunanunua "gari moja la kuni" bila kuuliza ni gari gani na limepangwaje. Kuni zilizotupwa ovyo ndani ya tela zinaacha mianya mingi. Zikipangwa vizuri, tela hilo hilo huonekana halijajaa. Kipimo cha haki ni fungu lililopangwa: urefu meta moja, upana meta moja, kimo meta moja. Hata hapo si mti mtupu, kwani upepo bado umo katikati, lakini wote wawili wanaweza kuona kwa macho na kupima kwa kamba. Suratul Mutaffifin imeanza kwa kuwaonya wanaojipimia kamili na kuwapunguzia wengine. Kuni nazo zimo humo.

Kisha kuna suala la ubichi. Gogo lililokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake laweza kuwa maji. Jikoni litatoa moshi mwingi na moto mdogo. Kuni hutaka kupasuliwa, kuinuliwa juu ya ardhi, kufunikwa juu na kuachwa wazi pembeni kwa miezi kadhaa. Huku kwetu, kuni zilizopasuliwa mwezi wa Mei, mvua zinapoisha, huwa zimekauka vizuri kabla ya mvua kurudi mwishoni mwa mwaka. Kwa hiyo anayeuza kuni mbichi na aseme ni mbichi, na bei iwe ya mbichi. Muslim amepokea habari ya Mtume (s.a.w.) kuingiza mkono katika rundo la chakula sokoni na kukuta unyevu chini, muuzaji akasingizia mvua. Mtume akamwuliza kwa nini hakuuweka unyevu ule juu watu wauone, kisha akajitenga na kila mwenye kughushi. Mwenye kupanga kuni kavu juu na mbichi chini, kisa hiki ni chake.

Na mwulize muuzaji kuni zimetoka wapi. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 imeweka utaratibu wa vibali vya kuvuna na hati za kusafirishia mazao ya misitu, na ipo miti inayolindwa hata ikiwa nje ya hifadhi. Mwone mtendaji wa kijiji au afisa misitu kabla ya kukata. Kuni za bei rahisi zinazofika usiku wa manane huenda ni za wizi katika msitu wa wote, na tumekatazwa kusaidiana katika dhambi.

Kikivunjika kitu

Suala jingine: tawi limeangukia paa, bati limepasuka. Nani alipe? Kuna kauli ya wanazuoni kwamba mkono wa mwajiriwa ni mkono wa amana, halipi ila akivuka mpaka au akifanya uzembe. Kuna kauli nyingine kwamba fundi anayefanyia kazi watu wengi huwajibika, na imepokewa kutoka kwa Ali (r.a.) kwamba aliwawajibisha mafundi kwa kuona kwamba bila hivyo watu hawatatengemaa, ingawa sanadi za habari hiyo zina maneno.

Mwanafunzi wake Imam Shafi, Rabi bin Sulayman, amesimulia kwamba Imam alikuwa akiona fundi halipi ila kwa kosa la mkono wake mwenyewe, lakini hakuwa akilitangaza jambo hilo kwa kuwahofia mafundi wabaya. Zaidi ya miaka elfu moja na mia mbili imepita tangu maneno hayo. Basi asidhani mtu kwamba mafundi wasumbufu walizaliwa Mbinga. Tuyachukue kwa pande zote mbili: Imam hakutaka kumdhulumu fundi mwema kwa kumlipisha kisicho kosa lake, wala hakutaka kumpa fundi mbaya kichaka cha kujificha. Nasi tuseme kabla ya kazi: paa likiharibika kwa uzembe wako, utalitengeneza. Kusema hivyo si kumdharau mtu.

Haki ya fundi

Tumesema mengi juu ya fundi. Sasa tujitazame wenye kazi. Kijana yule hupanda juu ya mti wenye nyoka na nyigu, huku amebeba msumeno unaoweza kumkata mguu kwa kufumba na kufumbua. Akishuka, tunamwambia njoo kesho. Kesho tunampunguzia, kwa hoja kwamba amemaliza upesi, kana kwamba tulinunua saa zake na si ujuzi wake. Katika Bukhari imo Hadith Qudsi inayotaja watu watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu yao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akapata kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake. Na Ibn Majah amepokea agizo la kumlipa mwajiriwa kabla jasho lake halijakauka.

Wala tusiidharau kazi yenyewe. Mtume (s.a.w.) amemsifu mtu anayechukua kamba yake, akaenda kuleta mzigo wa kuni mgongoni na kuuza, akamfanya kuwa bora kuliko anayewaomba watu, wampe au wamnyime. Kuni ndizo alizozipigia mfano wa heshima ya kujitegemea. Sasa ni vipi sisi tumwite muuza kuni "yule wa kuni tu"?

Tabia ya kusema mafundi wote ni waongo nayo ni dhulma. Humfanya fundi mwema achoke na wema wake, maana anahesabiwa mwizi hata asipoiba. Anayetaka kuwapata waaminifu na awe wa kwanza kuwa mwaminifu.

Ndugu zangu, nafupisha. Kabla injini haijawashwa, yatajwe mambo haya mbele ya mashahidi wawili, na yaandikwe japo kwenye karatasi ya daftari la mtoto: mti upi na ukatwe mpaka wapi, ujira kiasi gani na utalipwa lini, kuni ni za nani na zipasuliwe na nani, kisiki na matawi vitaondolewa na nani, na kikiharibika kitu itakuwaje. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 katika Suratul Baqara, ni ya kuandika madeni. Wazee wetu nao walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Asione haya mama kumwambia kijana, "Mwanangu, tuandike." Wala kijana asikasirike akiambiwa hivyo, kwa sababu karatasi ile inamlinda yeye kama inavyomlinda mama. Kisha, mti ukishaanguka, pandeni mwingine, kwa kuwa anachokula ndege au mtu katika mti wa Mwislamu huandikwa kwake kuwa sadaka.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (s.w.) atujaalie kuwa wenye kutimiza ahadi, atutakasie riziki zetu, awahifadhi vijana wetu wanaopanda miti kutafuta halali, na asitukutanishe naye tukiwa na jasho la mtu shingoni mwetu. Amin.